Kebo Tulizochagua Kando ya Fensi ya Ndovu

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, Fundi Mkuu alinikabidhi kebo mbili na kuniambia nisizichanganye. Kwa macho yangu zilikuwa kitu kimoja: nyeusi, ndefu, nene kama kidole cha mtoto. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza katika duka la kukodisha vyombo vya sauti mjini Voi. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nimesoma vijitabu vyote vya maelezo vilivyokuja na redio za jirani zetu, na nilidhani najua umeme.

Fundi Mkuu alikuwa mama wa makamo, wa familia ya Waislamu wa pwani waliofika Voi kwa kazi ya reli na kubaki. Alivaa buibui na mikono yake akaikunja hadi kwenye viwiko, na miwani ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Hata mwenye duka alimwita Fundi Mkuu. Siku hiyo tulikuwa na harambee ya kanisa uwanjani, na jenereta ilikuwa imeshawashwa kabla wageni hawajafika.

"Laza ile ya kwanza kando ya waya wa jenereta," aliniambia. "Zigusane kabisa."

Nikailaza. Spika zikaanza kuvuma kama mzinga uliopigwa teke. Akaniamuru niitoe, niweke ya pili palepale. Nikaiweka, na uwanja ukanyamaza hata nikafikiri nimeua amplifaya. Akaniashiria nigonge maikrofoni. Sauti ikatoka pana na safi.

"Umeona nini?"

"Hii ya pili ni nzuri zaidi, mama."

"Sikukuuliza uzuri. Nimekuuliza umeona nini."

Akaketi juu ya sanduku la spika akanieleza, na maelezo yake nimeyatumia kwa kila mtu aliyewahi kuniuliza. Kebo ya kawaida, ile ya plagi ndogo za RCA iliyo nyuma ya redio nyingi za nyumbani, ina waya mmoja katikati na wavu wa shaba unaouzunguka. Wavu huo umepewa kazi mbili: kuzuia kelele za nje, na wakati huohuo kurudisha wimbo ulikotoka. Kwa hiyo kelele ikipanda kwenye wavu, tayari iko ndani ya wimbo. Kebo ya balansi, ile ya pili niliyoilaza, ina nyaya mbili ndani, zilizosokotwa pamoja kama nywele za kusuka, na wavu unazizunguka zote mbili bila kubeba wimbo wowote. Waya mmoja unasukuma wakati mwenzake unavuta. Mashine iliyo upande wa pili inapima tofauti kati yao tu.

"Chukua mizani ya sahani mbili," alisema. "Kila sahani ina gunia la mahindi. Mvua ikinyesha, magunia yote mawili yanalowa, yote yanaongezeka uzito, na mshale hausogei. Kelele ni mvua. Lakini ukitia kopo moja la mahindi upande mmoja, mshale unakwambia. Kopo hilo ndilo wimbo."

Kisha akainuka, akanionyesha namna ya kukunja kebo bila kuipinda, duara moja juu na jingine chini, na akanikaripia kwa kuivuta kama navuta mbuzi. Nilifanya kazi chini yake miaka tisa. Sikumwona akitumia kebo asiyoipima, hata iwe imetoka kiwandani asubuhi hiyo. Alikuwa akisema kebo nzuri huisikii. Ukianza kuisikia, irudishe stoo.

Kutoka hapo nilichukuliwa na hoteli moja ya watalii ndani ya Tsavo. Mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Mitambo, bwana mrefu kutoka Mwanda, juu milimani, mwenye Kiswahili cha polepole kilichopitia Kidawida, lugha ya kwao, kwanza. Kama Fundi Mkuu alinifundisha kwa nini, huyu alinifundisha kuchagua. Hoteli ilipotaka vyombo vipya vya muziki kwa ukumbi wa wageni, meneja alileta aina mbili za kebo za balansi, moja ikiwa na bei mara kumi ya nyingine. Msimamizi hakubishana naye. Alitundika pazia mbele ya mitambo, akatuketisha sisi wanne pamoja na meneja, akawa anabadilisha kebo nyuma ya pazia bila kutuambia ni ipi. Kila mmoja aliandika alichosikia. Tulipolinganisha, hakuna aliyekuwa na mpangilio wowote. Ni kana kwamba tulirusha sarafu.

Meneja alicheka mwenyewe. Msimamizi akasema tu, "Sasa tunajua kile tunachonunua." Tukanunua za bei ya chini, na pesa zilizobaki zikaenda kwa spika, mahali ambapo sikio linasikia tofauti.

Lakini alihakikisha tunaelewa kwamba bei ya chini si ruhusa ya kufumba macho. Alichukua kipande cha kila kebo akakipasua kwa wembe. Tuliangalia kama nyaya mbili za ndani zimesokotwa kweli au zimelazwa tu sambamba. Tulikagua jinsi wavu ulivyofunika: ukiona ganda la waya kupitia matundu ya wavu, kelele nayo itaona. Alizungusha plagi mkononi kutazama kama kibano chake kinashika ganda la kebo au kinaning'iniza nyaya kwa lehemu peke yake. Jambo hilo la mwisho nililielewa vizuri zaidi baadaye, nilipopelekwa kuangalia vyombo vya ukumbi mmoja huko Mahoo, upande wa Taveta, katikati ya mashamba ya ndizi. Maji ya mifereji yako kila mahali, hewa ni nzito, na pini za bei rahisi zilikuwa zikiota kijani kabla ya msimu kwisha. Mahoo ndiko nilikojifunza kwamba kebo nyingi zinazosemwa zimekufa, kilichokufa ni plagi.

Nilistaafu mapema, sikio langu la kushoto lilipoanza kutosikia sauti nyembamba. Kwa kazi yetu hiyo ni sababu ya kutosha. Nikarudi Voi, nikaweka meza ya ukarabati nyumbani, na hapo ndipo niliposhika kazi ninayotaka hasa kuwasimulia ninyi mnaoanza, kwa sababu ndani yake yaliingia yote niliyofundishwa.

Nilipigiwa simu na Mama Wakesho, mwenyekiti wa kamati ya fensi katika kijiji kimoja chini ya mlima Sagalla. Aliniambia, "Fundi, njoo utibu redio ya jirani yangu kabla sisi hatujamtibu yeye."

Jirani mwenyewe alikuwa Mwalimu Mwadime, mwalimu mstaafu aliyeongoza kwaya ya kanisa la hapo tangu ujana wake. Kijiji kimepakana na mbuga, na kina fensi ya stima ya kuzuia ndovu. Mashine ya fensi iko katika nyumba ya Mwalimu, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya kwanza kupata stima upande ule. Mashine hiyo haitoi umeme mfululizo. Inapiga pigo moja kali, inapumzika karibu sekunde moja, inapiga tena. Ndovu akigusa anashtuka na kurudi nyuma, lakini hafi.

Mke wa Mwalimu, Saru, aliimba sauti ya kwanza katika kwaya hiyo. Alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Kilichobaki cha sauti yake ni kaseti zilizorekodiwa kanisani, na Mwalimu alikuwa ametumia sehemu ya malipo yake ya uzeeni kununua deki ya kaseti na amplifaya kutoka studio iliyofungwa. Vyombo vizuri sana, nasema hivyo bila kusita. Deki aliiweka chumba cha ndani, mbali na vumbi jekundu la huko, na amplifaya sebuleni penye spika, kwa hiyo kati yao palikuwa na kebo ya mita nane. Na katika kila wimbo, karibu kila sekunde, spika zilitoa mlio mkavu: tak, tak, tak, kama mtu anayegonga kucha juu ya sufuria.

Mwalimu alipata dawa yake mwenyewe. Kila jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, alizima fensi ili amsikilize mkewe.

Ndovu hawakuchukua muda kuijua ratiba. Kwanza walikula mipapai. Halafu mbaazi za jirani wa pili. Kisha dume mmoja akaingia kwa Mama Wakesho akapasua tangi la maji kwa pembe, akanywa, akaondoka na bomba likiwa limening'inia kwenye mkonga. Kamati ilikaa na kumpa Mwalimu hadi Jumapili: kama fensi ingezimwa tena jioni, mashine ingehamishwa, na waya ungepindishwa shamba lake libaki upande wa ndovu. Hakuna aliyekuwa akitania.

Nilifika Alhamisi mchana. Mwalimu alinipokea vizuri, akaniletea kiti, akaniambia moja kwa moja kwamba nimechelewa. Mpwa wake alikuwa amepata muuzaji Nairobi aliyemhakikishia kwamba mlio huo utaondolewa na kebo fulani ya fedha na dhahabu, jozi moja shilingi sabini na mbili elfu. Mwalimu alikuwa amekwisha kukubaliana na mnunuzi wa ng'ombe wake wa maziwa. Angekuja Jumamosi.

"Kebo hiyo ina plagi gani?" nilimuuliza.

Alinionyesha picha kwenye simu. Plagi za RCA. Ilikuwa kebo ya kawaida iliyovalishwa vizuri: waya mmoja katikati, wavu wenye kazi mbili.

"Mwalimu, usimwuze ng'ombe kabla sijaangalia."

"Angalia basi. Ng'ombe hana haraka, mimi ndiye mwenye haraka."

Nilizunguka nyumba kwanza, kama Fundi Mkuu alivyonizoeza, kabla ya kugusa chombo. Nyuma ya jiko nilikuta vyuma vya athi, yaani nondo zinazozamishwa ardhini ili umeme upate njia ya kwenda. Udongo wa Sagalla ni mkavu na haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo akina mama walikuwa wakimwaga maji ya kufulia juu ya nondo za fensi kuzilowesha. Zilikuwa nondo nzuri kabisa, bora kuliko za nyumba. Aliyetandaza stima ya nyumba aliliona hilo, akaunganisha athi ya nyumba kwenye nondo hizohizo. Mjini hutakuta kosa hilo. Lilizaliwa hapo, kutokana na ukame, ndovu na maji ya sabuni. Matokeo yake, kila pigo la fensi lilipanda kwenye bati la deki na amplifaya, likaingia kwenye wavu wa kebo, na wavu wa kebo ile ulikuwa nusu ya wimbo.

Nikageuza deki. Nyuma yake, kando ya matundu ya RCA, palikuwa na matundu mawili makubwa ya pini tatu, yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki. Amplifaya ilikuwa nayo pia. Vyombo vya studio huja hivyo. Mwalimu hakuwa ameyatumia kwa sababu hakuna kebo yake yoyote iliyoingia humo.

Nilikuwa nimebeba jozi ya kebo za pini tatu zilizotengenezwa tayari, nilizonunua mjini bila kuzifungua. Nikazipima kwa mita mbele yake. Katika kebo ya balansi, pini ya kwanza ni ya wavu, ya pili na ya tatu ni za nyaya mbili, na hakuna inayotakiwa kuijua nyingine. Mita ikalia: pini ya kwanza na ya tatu zilikuwa zimeunganishwa ndani. Kebo ya kawaida iliyovaa nguo za balansi. Niliifunga hata hivyo, ili asikie kwa masikio yake. Tak, tak, tak.

"Hii umenunua bei gani?" aliuliza.

"Bei ya somo," nilimjibu, naye akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kisha nikatoa kebo ya kukata kwa mita, ile ambayo Msimamizi wa Mitambo angeikubali: nyaya mbili zimesokotwa vizuri, wavu umeshonwa bila matundu, ganda laini lisilovunjika kwa joto. Plagi nne zenye kibano cha kushika ganda. Nikakaa barazani nikalehemu, wavu kwenye pini ya kwanza, nyaya kwenye ya pili na ya tatu, mpangilio uleule pande zote mbili, na kila mwisho nikaupima. Mwalimu aliketi karibu nami akitazama, bila kuuliza chochote. Wazee waliofundisha kwaya wanajua kumwacha mtu amalize mstari wake.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili nilipochomeka ya mwisho. Mashine ya fensi ilikuwa ikifanya kazi. Taa yake ndogo ilikuwa ikikonyeza ukutani. Nikamwambia achague kaseti mwenyewe, na kwa kuwa sikio langu moja si la kutegemewa, yeye ndiye awe mita yangu.

Kaseti ikazunguka. Kwanza kukawa na ule mvumo mwembamba wa ukanda mkuukuu, halafu kwaya ikaingia, na juu yake sauti ya mwanamke, nyembamba na thabiti. Nilisubiri mlio. Haukuja. Mwalimu alikuwa amesimama, kidole kimoja kikipiga mapigo hewani. Katikati ya ubeti kidole kikasimama.

"Hapo," alisema. "Hapo anavuta pumzi."

Akarudisha ukanda, akaucheza tena. Ni kweli: kabla ya mstari wa mwisho, Saru alivuta pumzi fupi, na ilisikika.

"Niliishi naye miaka thelathini na minane," Mwalimu alisema, "na kwenye kaseti hii sijawahi kuisikia pumzi yake. Nikizima fensi mawazo yangu yako kwa ndovu. Nikiiwasha, ule mlio unaangukia hapohapo."

Wakati huohuo mlango ulisukumwa. Alikuwa Mama Wakesho, kanga kiunoni na viatu vya shamba miguuni, amepanda mlima mzima kwa hasira.

"Mwalimu, umezima tena. Usinidanganye, nimesikia wimbo safi kutoka kule bombani."

Hapo nikaelewa jambo ambalo halikunijia kabla. Kwa kijiji kile, ule mlio ndio uliokuwa taarifa. Jioni nzima, kila aliyepita karibu na nyumba ya Mwalimu alijua: redio ikigonga, fensi iko hai, redio ikiimba vizuri, chukua tochi, kusanya watoto. Nilikuwa nimewaondolea kelele na kengele kwa pamoja.

Nilimwonyesha taa ya mashine. Alisema taa inaweza kudanganya. Mwalimu akamwambia atoke akapime mwenyewe. Mama Wakesho akachuma jani refu la nyasi mbichi, kama wanavyofanya huko, akasogea kwenye waya, akaligusisha ncha kwa uangalifu mkubwa huku akilishika kwa mbali. Hakusikia kitu. Akatugeukia kwa ushindi, na katika kugeuka akalisogeza jani mbele kidogo, vidole vikaukaribia waya.

Aliruka hatua nzima nyuma na kusema neno la Kisagalla ambalo Mwalimu alikataa kunitafsiria.

"Iko hai?" Mwalimu alimuuliza kutoka mlangoni, kwa upole.

Mama Wakesho alijisugua mkono, akarekebisha kanga. "Iko hai," alisema. "Rudi ndani uweke ule wimbo mwanzo." Akaingia, akaketi, akasikiliza hadi mwisho. Kwaya ilipofika kwenye kiitikio alinyoosha kidole kwenye spika. "Huyo wa nyuma anayewahi kuingia ni mimi. Saru alinikanyaga mguu siku hiyo."

Walikaa wakisikiliza upande mzima wa kaseti. Nami nilikaa nao, kwa sababu ni nadra katika kazi yetu kumwona mtu akipewa alichokuwa akitafuta.

Jumapili kamati ilikutana kama ilivyopangwa. Mama Wakesho alieleza alichoona na mkono wake uliopigwa, na shamba la Mwalimu likabaki ndani ya waya. Nilishauri nondo za nyumba zitenganishwe na za fensi, kwa sababu kebo ilikuwa imeponya wimbo lakini pigo lilikuwa bado linapita kwenye vyombo, na si salama. Siku ya kazi ya pamoja walichimba, wakazipeleka nondo za fensi mbali na nyumba, na akina mama wakahamishia maji yao ya kufulia huko. Pale njiani walitundika taa ndogo inayokonyeza kwa kila pigo, ili anayepita asilazimike tena kuisikiliza redio.

Sasa nina nafasi ya kufikiri juu ya walionifundisha. Fundi Mkuu alinipa mizani na mvua. Msimamizi wa Mitambo alinipa wembe na pazia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kebo gani ni bora duniani. Walinifundisha kuuliza kelele inatoka wapi, chombo kina tundu gani, umbali ni mita ngapi, nyaya zimesokotwa au la, pini zinajuana au hazijuani. Na baada ya hayo yote, bei. Ukifuata mpangilio huo, bei mara nyingi inakuja ikiwa imeinamisha kichwa.

Alhamisi ile jioni, nilipokuwa nafunga mkoba wangu, Mwalimu alitaka hesabu kamili, kwa kuwa alifundisha hesabu kabla ya muziki. Kebo mita kumi na nane kwa shilingi mia moja, elfu moja na mia nane. Plagi nne kwa mia tatu na hamsini, elfu moja na mia nne. Kazi yangu, elfu moja. Alizijumlisha kichwani, akampigia simu mnunuzi kumwambia asije Jumamosi, kisha akatoa jumla hiyo kwenye sabini na mbili elfu za Nairobi. Ng'ombe alikuwa amesimama nyuma ya dirisha akicheua, na ndani Saru alikuwa akivuta pumzi kwa mara nyingine. Tofauti ilikuwa shilingi sitini na saba elfu na mia nane.